Tope la Mama, Miti ya Baba

Tulipokuwa wadogo, sisi wa milima ya Nunguni tulikuwa na tope. Wewe wa rika langu uliyekulia huku Kitui, ukifukua mchanga wa mto mkavu ili upate kibuyu kimoja cha maji, utasema najivuna, na kweli najivuna. Nyuma ya jiko letu palikuwa na kipande cha ardhi kisichojua kiangazi. Hata mwezi wa Agosti, wakati nyasi za uwanja wa shule zilikuwa zimegeuka rangi ya majani ya chai yaliyochujwa, ukikanyaga pale mguu ulizama hadi kwenye kifundo, na ukiutoa ulilia kama mtu anayefyonza uji wa moto. Ile sauti ilikuwa ya nyumbani. Nilifikiri kila nyumba ina yake.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya binti yangu Mutanu. Amejenga nje kidogo ya mji wa Kitui, nyumba nzuri ya mabati ya rangi, na nyuma yake pana mahali pa chini panapopokea maji ya bafu na yale yanayofurika kutoka kwenye tangi. Hapakauki. Watu wengine wangemwaga kokoto wakasahau, lakini yeye ameona kwenye simu bustani za watu wa mbali, zenye maua yanayosimama majini, akanipigia huku kwangu Kanyangi nilikoolewa.

"Mami, hapa nyuma nataka kufanya bustani ya maji, lakini nikipanda kitu inaoza. Nipande nini?"

Watoto wa siku hizi wana raha zao. Udongo wananunua kwenye mifuko, kama unga. Mche ukinyauka wanaupiga picha kwanza kabla ya kuumwagilia. Nilimwambia asipande kitu, nitakuja kukanyaga. Alicheka sana, akaniuliza kama nakuja kupanda au kucheza ngoma. Hakujua kwamba kwetu bustani ya namna hiyo huanza kwa mguu, na hakujua ni kwa nini sikulala vizuri baada ya swali lake.

Ardhi yetu Baba hakuichagua. Babu alipogawa shamba alianzia juu kwa mwanawe wa kwanza, akateremka, na alipomfikia Baba, aliyekuwa wa mwisho, kilichobaki kilikuwa bonde. Baba alipata kijisehemu kigumu cha kuweka nyumba na jiko, na kingine chote kikawa tope. Ndugu yake mkubwa, ambaye sisi tulimwita Baba Mkubwa, alipata ukanda wa juu, wa udongo mwekundu wenye kahawa. Hakuna aliyenung'unika mbele ya Babu. Lakini Baba alikuwa fundi wa mawe, mtu aliyependa kitu kibaki wima pale alipokiweka, na tope lile lilimtesa. Nguzo za ua zilioza. Ukuta wa choo uliinama mpaka wageni wakawa wanaingia kwa sala.

Mama yeye alilitazama tope kama mtu aliyepewa ng'ombe wa maziwa. Alivua akala zake za matairi, akapandisha kanga, akaingia. Alikanyaga, akainua mguu, akaangalia alama ya unyayo. Unyayo ukijaa maji kabla hajaweka mguu wa pili, hapo aliweka nduma, yale magimbi ya majani mapana. Ukijaa polepole, aliweka miwa. Ukibaki na unyevu tu bila maji kusimama, aliweka mgomba. Na pale chini kabisa, ambapo unyayo haukuonekana kwa sababu maji yalikuwa juu yake, aliacha matete na mafunjo yaliyojiotea, akasema hao ndio askari, wakiondoka na maji yataondoka. Katikati aliinua matuta ya mboga, sukuma wiki na terere. Mahindi aliyakataa, yanageuka manjano na kusimama tu kama watu wanaongoja dawa. Mihogo aliikataa, inaoza chini huku majani yakikudanganya juu. Shangazi alipomletea mche wa mpapai, aliupokea kwa mikono miwili, akaupanda kwa adabu zote, ukaoza mizizi mvua ya kwanza, na hakuna aliyeutaja tena.

Basi tulikula. Hilo nataka liandikwe. Miaka ambayo watu wa nyanda za chini walikula mahindi ya msaada, sisi tulikula nduma. Mama alizichemsha asubuhi kwenye sufuria iliyofunikwa kwa majani ya ndizi, na mvuke wake uliingia kwenye sweta zetu za shule, tukanukia jiko mpaka saa nne. Tulizimenya zikiwa moto, vidole vikirukaruka, tukanywa na chai ya rangi. Ukiwa na haraka Mama alikuonya, "Hiyo bado. Ukikula sasa itakukuna koo mpaka Jumapili." Na mwenye haraka alikunwa kweli, akashinda darasani akikohoa kama mbuzi.

Majani ya nduma yalikuwa miavuli yetu. Yalikuwa pia mchezo: unaweka tone la maji katikati ya jani, linaviringika kama shanga, na unakimbia nalo kutoka jikoni hadi kwenye migomba bila kulimwaga. Aliyelimwaga alikwenda kukata nyasi za mbuzi. Hatukuhitaji betri. Tulikuwa na vyura, ambao jioni walipiga kelele mpaka Baba akagonga ukuta kwa nyundo, nao wakanyamaza kidogo kwa heshima, kisha wakaendelea. Tulikuwa na ruba pia. Ukitoka na ruba mguuni hukulia, ulikwenda jikoni kuomba chumvi. Shuleni watoto wa Baba Mkubwa walituita watoto wa vyura, na wakati wa chakula watoto hao hao walikuja kubadilishana isyo yao ya mahindi na maharagwe kwa vipande vya nduma zetu.

Lakini tope lilikuwa na mbu.

Kitinda mimba wetu aliitwa Kyalo. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea, na Mama alikuwa akimsimamisha pembeni ya matuta amwangalie akipalilia. Alama za nyayo zake zilijaa maji, ndogo kama vijiko, na Mama alicheka akasema huyu akikua ndiye atakayenisaidia kuchagua. Homa ilimpata wakati wa mvua. Baba alimbeba mgongoni mpaka zahanati ya Nunguni, akarudi naye amebebwa mikononi. Nilikuwa darasa la pili. Nakumbuka Baba hakupita mlangoni, alizunguka nyuma ya jiko, akasimama kwenye ukingo wa tope na mtoto wake mikononi, akaliangalia.

Kwetu mtu hulala kwenye shamba lake, na mtoto hulala kwa baba yake. Huo ndio mpango, hata asiyesali anaujua. Wanaume walichimba nyuma ya nyumba, maji yakatokea shimo lilipofika magotini. Walisogea karibu na migomba, maji yakatokea tena. Walichimba hata kando ya njia, pale palipokuwa pagumu, wakakuta mwamba, na juu ya mwamba maji. Mashimo yalibaki wazi pale yakijaa, na watu wa kanisa wamesimama na vitabu vyao vya nyimbo, wakiangalia viatu vyao. Ndipo Baba Mkubwa akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Leteni tu kwangu. Ni mtoto, hatachukua nafasi."

Alisema kwa wema, siku hizi nakubali hivyo. Kyalo alizikwa kwenye pembe ya kahawa yake. Baba alimshukuru mbele ya watu, akamshika mkono, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi kanisani. Mwaka uliofuata Baba Mkubwa aliweka ua wa senyenge kuzuia mbuzi, na Mama akitaka kung'oa magugu kwenye kaburi la mwanawe alilazimika kuomba kufunguliwa. Hawakumnyima hata mara moja. Lakini aliomba.

Ilikuwa siku ya soko ambapo Baba alirudi kutoka Nunguni na miche ya mikalitusi kwenye gunia. Aliipanga ukutani, myembamba, yenye majani ya kijivu na harufu ya dawa ya kifua. Mama alitoka jikoni akajipangusa mikono.

"Hizi ni za nini?"

"Za kukausha."

"Kukausha wapi, Baba Kalondu? Hizi miti zitakunywa chakula ya watoto."

Kalondu ndiye mimi. Baba aliinama akaanza kufungua mche wa kwanza. Alisema bila kumtazama, "Mimi sitaombewa shimo. Nikikufa nitalala kwangu. Hata kama ni pahali pa kutosha mbavu tu, lakini iwe kavu na iwe yangu."

Hawakupigana. Labda ingekuwa afadhali wangepigana. Waligawana tope kama Babu alivyowagawia wanawe shamba: upande wa juu, karibu na nyumba, Baba akapanda mikalitusi kwa mstari, kama anajenga. Upande wa chini ukabaki wa Mama. Yeye akitafuta kila mmea unaokubali maji, Baba akitafuta kila mti unaoyamaliza, na sisi watoto katikati tukitumwa na wote wawili, leo kumwagilia mikalitusi ikiwa bado michanga, kesho kuhamisha miche ya nduma kwa karai. Hilo karai lilikuwa la Baba, la chuma, la kuchanganyia saruji. Lilikuwa zito hata likiwa tupu.

Mikalitusi ilishika kwa haraka ya kutisha. Ilipotupita kimo, unyayo wa Mama kwenye mstari wa kwanza wa nduma ulianza kujaa polepole, akang'oa nduma akaweka miwa. Ilipopita paa la jiko, hapo hapo hapakukubali hata miwa. Kila mvua iliyopita aliziteremsha nduma hatua chache, akizisogeza kuelekea kwenye matete. Vyura nao walishuka. Kelele zao zikawa za mbali kidogo, Baba akaacha kugonga ukuta.

Jumapili baada ya kanisa, akiwa bado na shati jeupe, Baba alichukua mtalimbo akaenda katikati ya miti yake. Aliudunga chini kwa nguvu zote, akauzungusha, akauchomoa, kisha akaishika ncha kwa kiganja na kufumba macho. Sisi tulichungulia kutoka jikoni. Ncha ikitoka na tope, alikula chakula cha mchana kimya. Ikitoka na unyevu tu, alituuliza habari za shule. Tulijifunza kuombea ncha ya chuma kama watoto wengine wanavyoombea mvua, na hatukujua, au tulijua na hatukutaka kujua, kwamba tunaombea kaburi la baba yetu.

Siku moja ikatoka kavu. Aliangua kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia tangu Kyalo. Alikamata jogoo mwenyewe, akachinja, akatuma mtu amwite Baba Mkubwa. Walipomaliza kula alimpeleka nyuma ya nyumba, akachomeka kijiti cha mti mahali pale, akamwambia, "Ndugu yangu, hapa ndio kwangu. Sitasumbua mtu." Baba Mkubwa alicheka, akamwambia aache mambo ya kufa, bado ana nguvu. Lakini Baba alikuwa ameshaanza kukohoa wakati huo. Vumbi la mawe lilikuwa limeingia kifuani mwake miaka mingi, na usiku tulisikia kifua kikilia kama mlango wa bati. Mama hakumgusa yule jogoo. Alikula nduma baridi, amekaa kwenye kizingiti, amegeukia upande wa chini.

Baba alikufa Novemba, nikiwa kidato cha pili. Angekufa Agosti angepata alichokitafuta. Novemba ile mvua ilikuwa imenyesha mpaka barabara ya Nunguni ikakatika, na jeneza lilibebwa kwa mabega kutoka kwenye lami. Wanaume walichimba pale penye kijiti. Udongo wa juu ulikuwa mzuri, wakafika kiunoni, wakaanza hata kumsifu. Kisha ukuta wa upande wa chini ukatoa jasho. Kisha ukatoa maji, kidogo kidogo, kutoka upande wa bustani ya Mama.

Walichota kwa karai lake mwenyewe. Mimi nilikuwa kwenye mstari wa kupokea, najaziwa, namwaga, narudisha. Tulichota, tukachota tena, na maji yakabaki pale pale. Mchungaji aliangalia mawingu. Baba Mkubwa alivua kofia, akasema kwa upole, akilia, "Tumpeleke kwangu. Hapa ni aibu."

Mama hakuwahi kuongea mbele ya wanaume kwa sauti. Siku hiyo aliongea. "Huyu amechimba hii shimo na miti miaka yote hiyo. Haendi kwa mtu. Ngojeni."

Akachukua panga, akateremka kwenye bustani yake na kanga nyeusi ya msiba, wanawake wakamfuata. Walikata matete. Walikata mafunjo, wale askari ambao hakuwahi kumruhusu mtu hata kuwaegemea. Walikata mashina ya migomba ambayo mikungu yake ilikuwa bado michanga. Walifunga mafungu wakayashusha kaburini, safu ya mashina, safu ya matete, safu ya mafunjo juu yake, mpaka pakawa na kitanda kilichopanda juu ya maji. Mama aliushika mtalimbo wa Baba akabonyeza mafungu, akatikisa kichwa, akasema sasa.

Jeneza liliposhuka, matete yalikubali uzito, yakabonyea, na chini yake maji yakafyonza. Sauti ile ile ya mguu kwenye tope. Ile ya uji wa moto. Nimezika watu wengi tangu wakati huo, nimesimama kwenye makaburi ya kila aina, na sijapata kusikia kitu kilichonivunja kama kile. Watu walianza kuimba kwa nguvu kuliko kawaida, na nadhani ni kwa sababu walikuwa wamesikia pia.

Sasa ninakuja kwenye jambo ambalo watu wa kwetu hawakulielewa, na mimi mwenyewe nililikasirikia miaka mingi. Baba alipokwisha kuzikwa, tulidhani Mama ataikata ile mikalitusi. Ilikuwa mirefu, imenyooka, wafanyabiashara wa nguzo walikuja mpaka mlangoni. Mstari wake wa nduma ulikuwa umesukumwa chini mpaka ukagusana na visiki vya matete aliyoyakata. Tope likimrudia, angelima tena. Alikuwa bado na nguvu.

Alikataa. Wafanyabiashara waliongea, sisi watoto wake tuliongea, mchungaji aliongea. Aliwapa chai wote, na jibu lilikuwa moja.

"Nikikata, maji itamrudia."

Miti iliyomnyang'anya bustani akaifanya walinzi wa mumewe. Aliipalilia. Akaondoa magome yaliyobanduka ili kaburi lisichafuke. Na miti, ambayo haijui shukrani, iliendelea kunywa. Migomba ya pembeni ilikonda ikazaa vidole vya mtoto. Miwa ikawa mifupa. Askari wa matete walichipua tena mara moja, wakachipua kidogo mara ya pili, halafu hawakuchipua. Nilikuwa nimeshaolewa Kanyangi wakati huo, na kila nilipokwenda kumwona nilikuta jiko lake limesogelewa na vumbi. Vyura sikuwasikia tena. Nilimwuliza siku moja, nikiwa na hasira ya mtu aliyesafiri jua zima, kama Baba bado anahitaji kukaushwa. Akasema, "Wewe ulichota ile maji. Ulisahau vile ilikuwa baridi?"

Sikuwa nimesahau.

Mwishoni alikuwa na nduma moja. Aliipanda kwenye lile karai la Baba, karibu na mlango wa jiko, akaimwagilia maji ya kuoshea vyombo. Watoto wa siku hizi wanaita hiyo kilimo cha kisasa, wanalipa kufundishwa. Kila asubuhi alidunga kidole kwenye tope la karai, akakichomoa, akakiangalia, vile vile kama Baba na mtalimbo wake, tofauti tu ni kwamba yeye alifurahi kikitoka na tope.

Alikufa mwaka jana, mwezi wa Agosti. Alitaka kulala kando ya Baba, kwenye ile miti, na hapakuwa na ubishi, nafasi ilikuwepo. Vijana walianza kuchimba asubuhi, na jembe likaruka kama limegonga sakafu. Walijaribu sururu. Ilitoa vumbi jeupe, na mizizi ya mikalitusi minene kama mkono, mingine imekauka nayo. Hata miti yenyewe ilikuwa imeanza kufa juu. Kijana mmoja alitoka kwenye shimo lililomfika magotini, akajipangusa jasho, akaniambia kwa heshima, "Mathe, hii haiwezi bila maji. Lazima tumwagie ilainike kidogo."

Maji hayakuwepo. Tulituma boda boda mpaka Nunguni, ikarudi na mitungi imefungwa kwa mipira, na nyumba iliyokuwa na tope mwaka mzima ikanunua maji ya kuzikia. Wakauliza chombo cha kumwagia. Niliitoa ile nduma kwenye karai, nikaifunga kwenye gunia bichi, nikawapa karai. Walimwaga. Maji yalipotea kabla kijana hajageuka kuchukua mengine. Walimwaga tena, wakangoja, wakapiga sururu, wakamwaga tena. Nilisimama pale mpaka mwisho, ingawa waliniambia nikakae kivulini. Jeneza la Mama liliposhuka lilikaa chini bila sauti yoyote. Palikuwa pakavu kabisa, vile Baba alivyotaka.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Mutanu na lile gunia. Nduma ilikuwa imevumilia kwangu Kanyangi kwenye ndoo, kwa shida, huku kwetu hata ndoo hukauka ukigeuza kisogo. Nilivua viatu, nikapandisha kanga, nikaingia nyuma ya nyumba yake huku mjukuu wangu akinishangilia na Mutanu akinipiga picha. Nilikanyaga nikainua mguu. Unyayo ulijaa kabla sijaweka wa pili, nikasimama hapo na nikalia, na binti yangu akaacha simu.

Pale nimeweka nduma. Pembeni nimemwambia aweke mgomba, na chini, maji ya bafu yanapoishia, atafute matete na ayaache. Kando ya ua nilikuta miche ya mikalitusi kwenye mifuko myeusi, bado haijapandwa. Jirani alimwambia inakausha maji na kufukuza mbu, na tena baadaye inauzwa vizuri. Nilimwambia mbu namjua kuliko jirani yake, na kwamba mtoto atanunuliwa neti, leo hii, kabla ya jua kuzama. Miche airudishe.

"Hata moja tu, Mami? Kwa kivuli?"

"Hata moja."

Enzi zetu tope lilikuwa letu bure, tukalichukia, tukaliogopa, na lilikuwa na haki ya kuogopwa, kwa sababu lilimchukua Kyalo. Siku hizi watoto wetu wanaligombea kwenye simu kama urembo, na labda ni sawa, bora liwepo. Mimi nalinganisha vitu viwili tu, na sitaki kulinganisha zaidi. Tulipomzika Baba tulichota maji kaburini tukayamwaga nje. Tulipomzika Mama tuliyanunua tukayamwaga ndani. Na karai lilikuwa lile lile.